Jinsi ya Kupeleka Vitabu Mpanda Bila Kulisha Mchwa

Una fedha, au una marafiki wenye fedha, na umesikia kwamba mahali fulani Ulaya vitabu vya shule vinauzwa kwa robo ya bei. Ukazikumbuka shule za mkoa wa Katavi. Moyo huo ni mzuri, usiuache upoe. Lakini kabla hujalipa ankara, jua kwamba bei ya kitabu kwa mtoto wa Mpanda inahesabiwa siku anapokifungua na kukielewa. Kati ya duka na siku hiyo kuna nauli, kuna lugha, kuna mtaala, kuna kabati, na kuna mwalimu mwenye vipindi vingi kuliko nafasi ya kupumua. Kimoja kikikushinda, punguzo lote limekwenda na maji. Mwongozo huu ni kwa ajili yako, ndugu mfadhili, uwe Mwanza, Muscat au Minneapolis.

Piga simu kabla ya kufungua pochi

Kwanza jua unampigia nani na wapi. Shule ya msingi ina mwalimu mkuu, sekondari ina mkuu wa shule, na juu yao yupo Afisa Elimu Kata. Katavi ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Shule iliyo karibu na stesheni ya Mpanda na shule iliyo Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, zina shida tofauti, hata kama kwenye ramani yako zote umezizungushia duara moja.

Mazungumzo yataanza hivi:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo, mwalimu. Tuna fedha kidogo za vitabu. Tungependa kujua shule inapungukiwa nini."

"Karibuni sana. Chochote mtakachojaliwa kitatufaa."

Usikate simu hapo. Jibu hilo ni adabu ya mwenyeji, maana mgeni hachaguliwi zawadi ya kuleta. Orodha yenyewe bado hujapewa. Endelea kuuliza, taratibu na kwa heshima. Darasa la nne lina watoto wangapi? Kitabu kimoja cha Hisabati wanakitumia wangapi? Vitabu vinalala wapi usiku? Nani ana funguo? Kisha uliza swali ambalo wafadhili wengi hawalifikirii: mwalimu, kitabu gani kimechakaa kuliko vyote? Kile kilichopoteza jalada, kilichoshonwa kwa uzi wa gunia, chenye kurasa zilizolainika kwa vidole, ndicho watoto walichokwisha kukichagua. Nunua nakala hamsini za hicho, hutajuta.

Lugha

Hapa ndipo fedha nyingi za watu wema zinapozama, kwa hiyo tukae kidogo.

Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania, masomo yanafundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza ni somo mojawapo. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, mambo yanageuka: Bayolojia, Jiografia, karibu yote kwa Kiingereza. Basi shehena ya hadithi za Kiingereza zilizoandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka saba wa Leeds haina msomaji katika darasa la pili la Nsimbo. Mtoto ataangalia picha, atamwona mtu wa theluji mwenye pua ya karoti, atafunga. Ukimuuliza kama kitabu ni kizuri atasema ndiyo, kwa sababu amelelewa vizuri.

Na Katavi ina jambo lake la ziada. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni wa Wakonongo, Wapimbwe, Wabende, Watongwe na Wafipa, pamoja na Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao. Ni pia wa familia zilizokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 zikapewa ardhi katika makazi ya Katumba, na baadaye Mishamo. Watu wapatao 162,000 kutoka makazi hayo mawili na Ulyankulu ya Tabora walipewa uraia wa Tanzania, na wajukuu wao ndio wanaokaa kwenye madawati leo. Mtoto anaweza kuamshwa kwa Kirundi, kutumwa dukani kwa Kisukuma na kufundishwa kwa Kiswahili. Kiswahili cha darasani ni lugha yake ya pili, wakati mwingine ya tatu. Kiingereza ni ya tatu, na wakati mwingine ya nne.

Kwa mtoto huyo nunua kitabu cha Kiswahili chenye sentensi fupi, herufi kubwa, na picha za dunia anayoijua au anayoweza kuifikia: viboko waliosongamana kwenye matope ya mto Katuma wakati wa kiangazi, mtumbwi wa Ikola, bani la tumbaku, mzinga wa nyuki juu ya mti katika msitu wa miombo. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ipo tangu 1974, na watalii wanatoka mbali kuja kuwaona wanyama wake. Mtoto wa Sitalike anastahili kuwasoma kwa Kiswahili kabla hajasoma habari za dubu.

Kwa sekondari mahesabu ni mengine. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anahitaji ngazi ya kupandia kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza: hadithi rahisi za Kiingereza zilizoandikwa na Waafrika, na kamusi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996, nakala ishirini darasani, itafanya kazi kubwa kuliko maboksi kumi ya riwaya za uwanja wa ndege. Kama kitabu unachotaka kukitoa kimekushinda kusoma wewe mwenyewe, usimtwishe binti wa Mishamo.

Uliza kwa nini ni rahisi

Kila punguzo lina sababu. Mchapishaji anapunguza bei kwa sababu amechapisha nyingi mno, au toleo jipya limetoka, au mtaala umebadilika na ghala limejaa. Sababu ya kwanza ni baraka. Ya pili inavumilika. Ya tatu ni hasara unayouziwa kwa tabasamu.

Tanzania ilianza kutekeleza mitaala mipya Januari 2024. Kitabu cha kiada cha mtaala wa zamani kinaweza kubaki na manufaa kama rejea, hasa cha Kemia au Hisabati, maana asidi haikubadilika. Lakini mwanafunzi wa mtaala mpya anayejiandaa kwa mtihani wa taifa hawezi kukitegemea. Muulize muuzaji moja kwa moja: hiki kimeandikwa kwa mtaala wa mwaka gani, na kina ithibati ya Kamishna wa Elimu? Akianza kuzungumzia ubora wa karatasi, ondoka.

Na usidhani kitabu cha nyumbani hakihitaji kukaguliwa. Mwaka 2017 baadhi ya vitabu vipya vya kiada vya serikali vilizua kelele bungeni kwa makosa yaliyokuwamo na vikaondolewa. Omba nakala moja, mpe mwalimu wa somo akae nayo wiki nzima, ndipo uagize.

Punguzo kubwa linatengenezwa Dar es Salaam

Watu wengi hawajui bei ya kitabu inatoka wapi. Mwandishi, mchoraji, mhariri na mpangaji wa kurasa wanalipwa mara moja, zichapwe nakala 500 au 5,000. Gharama hiyo inagawanywa kwa idadi ya nakala. Nakala zikiwa chache, kila kitabu kinabeba mzigo mzito na mzazi hawezi kukinunua. Zikiwa nyingi, bei inashuka kwa kila mtu, na mwenye duka la madaftari pale Mpanda anaweza kuthubutu kuweka viwili vitatu rafuni.

Kwa hiyo punguzo la maana kuliko yote ni ahadi ya kununua kabla mashine hazijawashwa. Jambo hili lilishafanyika nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulikuwa ukiwahakikishia wachapishaji wa Tanzania kwamba sehemu kubwa ya nakala za kitabu cha watoto itanunuliwa na kupelekwa mashuleni, nao wabaki na nakala nyingine za kuuza madukani. Mchapishaji akapata uhakika, mwandishi akapata malipo, mtoto akapata kitabu cha Kiswahili. Tuzo ya Burt iliyofuata ilitumia njia hiyohiyo kwa hadithi za vijana. Siku hizi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022, ambayo kwayo serikali inagharimia uchapaji wa kazi zilizoshinda ili zifike shuleni na maktabani. Ukiwa na fedha za vitabu, mlango huu ndio wa kwanza kuugonga: wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E&D Vision wanapokea simu, wanajua bei ya jumla, na wana vitabu ambavyo mtoto wa Mlele atavielewa bila mkalimani.

Wale waliopita njia ndefu wameishia kutufundisha hayo hayo. Mwaka 2004 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walianza kukusanya vitabu vya sekondari vilivyotumika na kuvileta Tanzania. Kazi hiyo ikawa shirika la Read International, likaleta vitabu vingi sana, na baada ya muda likahamishia nguvu kwenye kukarabati vyumba vya maktaba mashuleni na kununua vitabu vya mtaala wa Tanzania. Book Aid International, ambayo Countess wa Ranfurly aliianzisha mwaka 1954 kwa vitabu vya msaada, sasa inatuma vitabu vipya tu kutoka kwa wachapishaji, na imekuwa na fungu la kununulia vitabu vya nchini kwa ajili ya maktaba. Hawa ni watu waliojifunza kwa kutazama kitabu kinavyotumika, na nawaheshimu kwa kubadilika.

Mfano mwingine uwe onyo. Kwa miaka zaidi ya thelathini serikali ya Uingereza iligharimia matoleo ya bei nafuu ya vitabu vya vyuo, yaliyojulikana kwa herufi ELBS, kwa nchi zinazoendelea. Madaktari na wahandisi wengi wa Afrika na Asia walisomea humo. Mwaka 1997 fungu likafungwa London, na bei nafuu ikaondoka nalo. Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, miradi ya kusoma nayo ikakatika katikati ya muhula. Punguzo linalotegemea saini ya waziri wa nchi nyingine linaweza kufa asubuhi moja. Kiwanda cha uchapaji kilichozoea kupata oda nchini hakifi kwa urahisi hivyo. Tabora, ambako treni ya Mpanda inapitia, wamisionari wa Kipalapala walichapa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi kupitia kiwanda chao, TMP, na vikasomwa hadi pembe za ziwa. Na mchapishaji wa Kitanzania hawezi kushindana na kontena la vitabu vya bure: ukilipakua mlangoni pake, umemfungia duka.

Njia

Ukiwa umeng'ang'ania kuagiza nje, fahamu kwamba ushuru wa forodha kwa kawaida hauna shida kubwa. Mkataba wa Florence wa UNESCO wa mwaka 1950 uliwekwa hasa ili vitabu vivuke mipaka bila kutozwa. Kinachouma ni tozo za bandari, siku za ghala, na wakala wa forodha. Andaa nyaraka mapema, basi.

Kisha kuna kilomita zaidi ya 1,000 kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki kubeba mahindi, mpunga na watu. Siku hizi kuna lami ya Tabora hadi Mpanda pia, na basi la mizigo ni la kuaminika. Mpaka Mpanda mjini, kwa hiyo, kitabu kinafika.

Tatizo linaanza pale watu wanaposema kazi imekwisha. Kutoka stoo ya halmashauri hadi Mwese, Mishamo au Karema ni nauli nyingine, na nauli hiyo haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Mwalimu mkuu hana gari. Ruzuku anayopata ni ya chaki, mitihani na ukarabati. Maboksi yanakaa stoo yakisubiri gari la mtu anayekwenda huko kwa shughuli nyingine, mvua zinaanza Novemba, barabara za vumbi zinageuka uji, na vitabu vinavuka mwaka. Weka fedha ya kilomita za mwisho ndani ya bahasha yake, uiandike jina la shule. Safirisha kati ya Juni na Oktoba. Funga vitabu kwa nailoni, na usijaze boksi kubwa: pakia kiasi ambacho kijana mmoja anaweza kukifunga nyuma ya bodaboda bila kuvunja kiuno wala pikipiki.

Afisa Elimu wa halmashauri apewe taarifa kwa barua kabla mzigo haujaondoka. Ni utaratibu, na unakulinda wewe, mwalimu na vitabu.

Kabati na hofu

Mchwa wa Katavi wanafanya kazi usiku na hawajali lugha. Boksi likiwekwa sakafuni ofisini mwezi mmoja, utakuta jalada zima na ndani udongo. Kwa hiyo pamoja na vitabu nunua kabati la chuma, au mpe fundi seremala wa Mpanda kazi ya kutengeneza la mninga uliovunwa kihalali. Liinuliwe juu ya matofali na lisogezwe mbali na ukuta. Mfadhili asiyelipia kabati amelipia nusu ya kitabu.

Lakini adui mkubwa kuliko mchwa ni hofu, na hofu hii tumeijenga sisi watoaji. Kitabu cha msaada kinaandikwa kwenye leja ya mali ya shule. Mkaguzi anakuja, anahesabu. Mgeni anakuja, anataka kuviona vikiwa vipya kama siku ya kwanza. Mwalimu aliyekabidhiwa anajua kikipotea ataulizwa, labda atakilipa kutoka mfukoni. Akiwa na akili timamu atafanya nini? Atafunga kabati na kuweka funguo mfukoni. Watoto watapita dirishani wakiona migongo ya vitabu yenye rangi nzuri, na kitabu kitazeeka bila kuguswa.

Dawa yake ni barua moja yenye mhuri wako. Andika kwamba vitabu hivi vimetolewa vitumike, kwamba kuchanika na kupotea kwa baadhi ni gharama iliyotarajiwa, na kwamba hakuna mwalimu atakayedaiwa. Omba shule iweke daftari la kuazimisha, na ukirudi mwakani uombe kuliona hilo kabla ya kuona kabati. Vitabu vikiwa vizima vyote baada ya mwaka, sikitika. Vikiwa vimechakaa nusu, pongeza, kisha agiza vingine.

Zungumza na mwalimu wa taaluma kuhusu ratiba: kipindi kimoja kwa wiki ambacho kila mtoto anashika kitabu na kusoma tu, bila kuulizwa maswali ya mtihani. Kwa kipindi hicho nakala arobaini za kila moja ya hadithi tano zinafaa kuliko nakala mojamoja za hadithi mia mbili, maana darasa linasoma pamoja, wanabishana kuhusu mhusika huyohuyo, na aliye nyuma anasaidiwa na wa jirani yake. Mkusanyiko wa mojamoja uupeleke kwenye maktaba ya umma. Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ndiyo yenye kazi hiyo, na ndiyo uandikie barua.

Sherehe

Iwe fupi. Watoto wasisimamishwe juani kumsubiri mgeni rasmi. Hotuba ziwe mbili. Fedha ya bango lenye jina lako inunue kamusi. Wageni wakishakaa, mwite mtoto mmoja wa darasa la tatu asome ukurasa mmoja mbele ya watu, kwa sauti, mpaka mwisho. Kwa ukurasa huo Mheshimiwa atajua hali ya shule yake kuliko kwa taarifa ya kurasa ishirini.

Mwaka wa pili

Nchi hii iliwahi kupata fedha za vitabu kwa mkupuo kutoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Baada ya kashfa ya rada iliyonunuliwa Uingereza, kampuni ya silaha ya BAE Systems ilikiri kosa mahakamani London mwaka 2010, na mwaka 2012 Tanzania ikakubaliana kupokea pauni milioni 29.5. Wananchi waliziita chenji ya rada. Zilielekezwa kwenye vitabu vya kiada, miongozo ya walimu na madawati kwa shule za msingi. Ulikuwa uamuzi mzuri. Shule ambazo hazijawahi kuona boksi jipya zililiona.

Miaka michache tu baadaye, mwaka 2015, mtaala wa madarasa ya chini ukabadilika, na vitabu vingine vikachakaa kama inavyopasa. Chenji ya pili haikuja. Na watoto wakaendelea kuzaliwa. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 564,604 katika Katavi. Ya mwaka 2022 ikawahesabu 1,152,958. Shule iliyopata vitabu vya kutosha kwa chenji ya rada, leo huenda ina watoto maradufu na vitabu vichache kuliko ilivyokuwa navyo.

Kwa hiyo usitoe shilingi milioni kumi mara moja ukaondoka. Toa milioni mbili kila mwaka kwa miaka mitano, kwa shule ileile, kwa mwalimu anayejua kwamba utarudi. Nyinyi wa Katavi mliosambaa Dar es Salaam, Dodoma na ng'ambo, mnaochangiana harusi kwa vikundi vya simu mpaka kamati inapata mweka hazina na mjumbe wa mapambo, mna utaratibu wote unaohitajika. Undeni kamati moja zaidi, mchague shule moja mliyosoma, na mwaka wa masomo uanzao Januari uwakute mmeshalipa oda ya kwanza.